Je, kuna mtu aliyezaliwa hafai kazi ya zimamoto? Haiba na uchovu sugu wa kazi

Swali

"Mimi ni askari wa zimamoto, huu ni mwaka wangu wa 9 kazini, kituo cha mjini. Zamani king'ora kikilia nilikuwa wa kwanza garini. Siku hizi kikilia tumbo linakaza, na tukirudi kituoni sina hamu hata ya kuongea. Nyumbani watoto wakipiga kelele kidogo tu nawaka. Mwenzangu niliyemaliza naye mafunzo yuko vilevile kama siku ya kwanza: anacheka, anakula, analala. Kiongozi wangu wa zamu ameniambia nina roho nyepesi, na kwamba mtu wa hivyo hakuzaliwa kwa kazi hii. Je, ni kweli? Nifanye nini kabla sijaandika barua ya kuacha kazi?"

Jibu

Ndugu askari, barua hiyo iweke kando kwanza. Kiongozi wako amegusa jambo la kweli, kisha akalitolea hukumu isiyostahili. Ni kweli kwamba haiba ya mtu, yaani alivyo kwa tabia, ina uhusiano na kuchoka kazini. Hilo limepimwa mara nyingi na katika nchi nyingi. Lakini kipimo cha haiba hakimwambii mtu kama anafaa au hafai. Kinamwonyesha mzigo utaanza kumwuma upande gani, na mapema kiasi gani. Ukishaujua upande huo kuna mengi ya kufanya, mengine wewe mwenyewe na mengine kituo chako.

Tuanze na hali yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautaja uchovu sugu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Halikuuingiza kwenye magonjwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba hafanyi tena lolote la maana. Mgawanyo huo una mizizi kwa wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson, waliotoa dodoso lao la maswali 22 mwaka 1981. Askari wengi huijua alama ya kwanza peke yake, kwa sababu mwili unaipigia kelele. Ya pili hujificha, nayo kituoni ndiyo ya hatari zaidi.

Itazame asubuhi ya kukabidhiana zamu. Askari ambaye moyo wake bado uko kazini hufungua valvu ya mtungi wa hewa, akasoma geji, akafunga, kisha akaiachia hewa itoke polepole huku ametega sikio asikie filimbi ya tahadhari italia kwenye bar ngapi (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa; kwa mitungi mingi ni karibu na 55). Halafu anaivaa barakoa na kuziba njia ya hewa kwa kiganja aone kama imeshika uso sawasawa. Aliyeanza kujitenga na kazi huona geji inasoma 240 badala ya 300, akaweka tiki kwenye daftari na kwenda zake. Hajawa mvivu, maana huenda miaka mitano nyuma yeye ndiye aliyewafundisha wengine ukaguzi huo. Jiulize kwa ukweli kama umeanza kuweka tiki za namna hiyo. Jibu lako litakueleza mengi kuliko kukaza kwa tumbo.

Ukitaka namba, lipo dodoso lililotengenezwa Denmark na kundi la mtafiti Tage Kristensen, likachapishwa mwaka 2005, na halilipiwi. Sehemu yake ya kwanza ina maswali 6 mafupi: ni mara ngapi unajisikia umechoka, mwili umeishiwa nguvu, hisia zimekauka, unawaza "siwezi tena", unajiona umechakaa, unajiona dhaifu, mwepesi wa kuugua. Kila jibu lina alama: daima 100, mara nyingi 75, mara nyingine 50, kwa nadra 25, kamwe 0. Jumlisha, gawanya kwa 6. Ukifika 50 au kupita, lichukulie kwa uzito. Usijipime asubuhi unapotoka zamu ya usiku, kwa sababu hapo kila mtu anafika 70. Jipime siku ya pili ya mapumziko, umelala na umekula, uandike tarehe. Rudia baada ya wiki 4 katika siku ileile ya mzunguko wa zamu. Namba moja peke yake haina mengi ya kusema; namba mbili zinaonyesha unaelekea wapi.

Sasa hiyo "roho nyepesi".

Wanasaikolojia wengi hupima haiba kwa sifa tano: wepesi wa kufadhaika, uchangamfu, umakini wa kazi, utangamano na watu, na udadisi wa mambo mapya. Kila mtu anazo zote tano, tofauti ni kiasi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti za watu katika sifa hizi hutokana na urithi wa kuzaliwa. Alichokiita kiongozi wako roho nyepesi ni ile sifa ya kwanza: mtu hushtuka haraka, huwaza mabaya kabla hayajafika, na likishapita hukaa nalo muda mrefu. Katika sifa zote tano, hii ndiyo inayofuatana zaidi na kuishiwa nguvu kazini.

Mfano wake unao mgongoni kila siku. Chukua mtungi wa lita 6.8 uliojazwa bar 300. Kwa hesabu ya haraka una lita 2,040 za hewa. Toa akiba ya bar 55, yaani lita 374, unabaki na kama lita 1,660 za kufanyia kazi. Askari anayevuta lita 40 kwa dakika atakaa ndani dakika 41. Mwenzake, mtungi uleule, moshi uleule, anavuta lita 60: dakika 27. Hakuna kiongozi mwenye akili atakayesema wa pili hakuzaliwa kwa kazi hii. Anachofanya ni kujua kiwango cha kila mmoja, akazisoma geji mara kwa mara, na kuitoa timu nzima kwa kufuata geji iliyo chini kuliko zote. Tena wote wawili wanaweza kupunguza matumizi kwa mazoezi ya pumzi na ya mwili, ingawa huenda wasilingane kamwe. Wepesi wa kufadhaika ni kiwango chako cha matumizi. Huwezi kukibadilisha kwa kuambiwa "jikaze".

Na ukubwa wake usitiwe chumvi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2010 uliunganisha matokeo ya tafiti 115 za wafanyakazi wa kazi mbalimbali. Sifa zote tano zikiwekwa pamoja zilikuwa na uwiano (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) wa 0.57 na kuishiwa nguvu, 0.46 na kujitenga na watu, na 0.52 na kujiona unafanya la maana. Anayejua takwimu atauzidisha uwiano kwa wenyewe: 0.57 mara 0.57 ni kama theluthi moja. Kwa maneno mengine, ukijua haiba ya mtu yote, umeeleza karibu theluthi moja ya kwa nini huyu amechoka kuliko yule. Theluthi mbili zinabaki kwenye mambo mengine, na mengi kati ya hayo yako kituoni na nyumbani. Tena hata theluthi hiyo ina walakini, kwa kuwa tafiti nyingi humpa mtu dodoso la haiba na la uchovu siku moja. Mtu aliyekwisha choka hujibu maswali ya haiba kama mtu mwoga, kumbe miaka 9 iliyopita asingejibu hivyo. Uchovu wenyewe huvaa sura ya haiba. Kiongozi anayemtazama askari wa mwaka wa 9 na kusema "ndivyo alivyozaliwa" anaweza kuwa anatazama jeraha na kuliita tabia.

Ndiyo maana tafiti zinazoanza kabla ya mtu kuumia zina thamani kubwa. Ujerumani walipimwa wazima moto 43 mara tu walipomaliza mafunzo ya awali, wakafuatiliwa kwa miaka 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Walichoangalia ni dalili za mshtuko wa akili, ambazo ni jirani wa uchovu sugu ingawa si kitu kimoja. Waliokuja kuumia zaidi walikuwa wale walioanza na mambo mawili: uhasama mwingi kwa watu, na imani ndogo kwamba wao wenyewe wanaweza kukabiliana na jambo gumu. Hili la pili nakuomba ulishike. Imani ya kuweza hufundishika. Inajengwa kwa zoezi linalorudiwa mpaka mikono ifanye bila kuulizwa, kwa kumwona mtu wa aina yako akiweza, na kwa kuambiwa na anayejua kwamba hapa umefanya sawa. Askari anayeambiwa mbele ya wenzake kwamba hakuzaliwa kwa kazi anabomolewa hapohapo palipotakiwa kujengwa.

Sifa nyingine nne, kwa kifupi. Umakini wa kazi ni kinga nzuri, hasa kwa ile alama ya tatu, kwa sababu mtu makini huona matunda ya mikono yake. Ubaya wake huanza pale kituo kinapomnyima vifaa. Asiyejali hasumbuliwi na mpira wa maji uliotoboka. Makini anaondoka nao kichwani hadi kitandani. Uchangamfu husaidia kwa kuwa mchangamfu husema lililomkuta akapokea maneno ya wenzake, lakini mkiwa na zamu yenye chuki na makundi, yeye ndiye anayepoteza zaidi. Mwenye utangamano mwingi hupendwa na kila mtu, naye huchoka kwa njia ambayo hakuna anayeiona: anabeba zamu za wenzake, anasikiliza matatizo ya kila mmoja, hasemi hapana. Mwenye utangamano kidogo hupitia mlango wa dharau, utamsikia akisema "huyo alijitakia" kabla mwili haujapoa. Udadisi una uhusiano hafifu tu, tuuache.

Upo pia mchanganyiko ambao mwanasaikolojia Johan Denollet aliuita haiba ya aina D: mtu mwenye hisia nzito za huzuni na wasiwasi, ambaye wakati huohuo hazitoi mbele ya watu. Hupimwa kwa maswali 14, saba ya kila upande, na anayepata alama 10 au zaidi pande zote mbili huhesabiwa kuwa nayo. Nimeitaja kwa sababu barua yako ina zote mbili: tumbo linakaza, na hutaki kuongea. Moja likiwa peke yake hubebeka. Yakikutana, mtu anakuwa na moto ndani na madirisha yote yamefungwa, na wewe unajua moto wa namna hiyo hufanya nini.

Na huyo mwenzako anayecheka? Huenda kweli matumizi yake ni lita 40. Huenda pia amechoka kwa mlango mwingine. Mtu wa kufadhaika huchoka mapema na hadharani, na kwa hiyo hupata nafasi ya kutibu mambo mapema. Mtu mgumu huweza kwenda miaka 15 bila dalili, kisha familia ikamwona amekuwa jiwe. Utani kituoni ni jambo la kawaida na lina faida. Shaka huja mtu anapotania mbele ya ndugu wa marehemu, au akiwa hacheki tena chochote ila maumivu ya watu. Usijipime kwa uso wake. Jipime kwa namba zako za mwezi uliopita.

Kinachomaliza nguvu kituoni

Watu wa nje hudhani kinachomchosha zimamoto ni tukio kubwa, kama jengo lililoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, ambako uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa. Tukio kama hilo linaweza kuacha jeraha la akili, nalo lina matibabu yake. Uchovu sugu huja taratibu zaidi, na kwa mambo yasiyotangazwa.

Chukua maji. Gari lenye tangi la lita 5,000 linafika, mipira miwili inafunguliwa, kila mmoja unatoa kama lita 450 kwa dakika. Gawanya: dakika 5 na nusu tangi ni tupu. Kama hakuna sehemu ya kuchukulia maji karibu, gari linaondoka kwenda kujaza, na umati unaona kitu kimoja tu, gari la zimamoto linakimbia moto. Kelele za "mmekuja bila maji" zinaanza, pengine na mawe. Askari aliyebaki ameshika mpira uliolegea hana la kusema. Hiyo ndiyo alama ya tatu ikizaliwa, mbele ya macho ya watu mia mbili. Ukali wake hupunguzwa na jambo dogo: mtu mmoja wa timu apewe kazi ya kumtafuta mwenyekiti wa mtaa au mtu anayesikilizwa pale, mara tu mnapofika, amwambie kwa sauti ya kusikika kwamba maji ya gari hili ni ya dakika tano, linakwenda kujaza na linarudi. Akisema kabla gari halijaondoka, umati husubiri. Akisema baadaye, ni utetezi.

Jingine ni usingizi wa kungoja. Mtu wa kufadhaika akilala kituoni, nusu ya ubongo inasikilizia king'ora, na usingizi wake unakuwa mwepesi usiku kucha hata kama hakuna simu iliyopigwa. Dawa yake ni ya utaratibu: chumba cha mawasiliano kiwe na mtu aliye macho kweli, kwa zamu za saa 2 hadi 3 zilizoandikwa, ili waliolala wajue bila shaka kwamba wataamshwa. Panapokuwa na desturi ya "tutasikia tu", hakuna anayelala. Na king'ora chenyewe kama kinaweza kupandishwa sauti taratibu kwa sekunde chache badala ya kulipuka kwa nguvu yote, moyo haushtuki sana.

Kwa upande wako mwenyewe: mchana wa zamu lala dakika 20, usipite 30, kwa sababu ukiamshwa katikati ya usingizi mzito kichwa hubaki kizito kwa dakika 15 hadi 30, na hapo ndipo watu hukosea hesabu ya pampu. Kahawa na chai ya rangi ziishe saa 6 kabla ya muda unaotarajia kulala. Nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya kama saa 5. Ukitoka zamu ya usiku lala asubuhi kati ya dakika 90 na saa 3, kisha amka na ushinde macho hadi usiku wa kawaida. Anayelala hadi saa 10 jioni hukesha, na siku inayofuata anaingia kazini akiwa na deni.

Baada ya tukio

Saa moja na nusu ya kwanza baada ya kurudi kituoni ina uzito kuliko semina ya siku mbili. Mkiwa garini mnarudi, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mapigo ya moyo, na hakuna atakayejua unafanya nini. Mkifika, vueni nguo za moto nje, zioshwe, nanyi muoge kabla ya kukaa. Kazi ya kuzima moto iliwekwa mwaka 2022 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la mambo yanayojulikana kusababisha saratani, na masizi yanayobaki kwenye nguo ni sehemu ya hatari hiyo. Uzuri ni kwamba kuosha na kukunja mipira pamoja ndiko kunakofungua midomo. Watu wawili wameinamia mpira wa mita 20, mmoja anakunja, mwingine anakamua maji, hawatazamani usoni. Mwanamume ambaye hawezi kusema chochote kwenye duara la viti husema pale. Kiongozi asiwapelekee vijana wapya kazi hiyo peke yao.

Halafu kikao cha dakika 10, mmesimama, maswali matatu tu: tulikuta nini, tulifanya nini, mara ijayo tubadili nini. Hisia zisilazimishwe. Hapa makosa hufanyika kwa nia njema. Kuna mtindo uliotokana na mpango wa Mmarekani Jeffrey Mitchell wa mwaka 1983, wa kuwakusanya watu baada ya tukio la kutisha na kupitia naye kila mmoja alichoona na alichohisi. Tafiti zilizowafuatilia watu waliofanyiwa kikao kimoja cha namna hiyo hazikuona kwamba kinazuia jeraha la akili, na baadhi walitoka na hali mbaya zaidi. Anayetaka kusema aachiwe aseme, asiyetaka aachwe, ila mtu amfuate siku ya tatu na wiki ya pili kumwuliza kama analala. Hiyo "analala?" ni swali zuri kuliko "uko sawa?", maana "uko sawa?" lina jibu moja tu kituoni.

Na mfanye jitihada ya kujua mwisho wa hadithi. Zimamoto humtoa mtu kwenye gari lililobanwa, anampakia kwenye ambulansi, basi, hasikii tena habari zake. Mtu mwenye wasiwasi hujaza pengo hilo kwa jibu baya. Kituo kimteue askari mmoja wa kuuliza hospitali kesho yake, bila majina ya wagonjwa kusambazwa, na ujumbe uwe mfupi: alipona, alifariki, bado yuko wodini. Hata habari mbaya hupumzisha kuliko kutokujua.

Kwa wewe binafsi, mwenye haiba ya kuwaza sana, ongeza haya mawili. Kila siku saa ileile, dakika 15, andika kwenye daftari yanayokuzunguka kichwani. Kwa kila moja andika kama lina hatua ya kuchukua kesho au halina. Wazo likija nje ya muda huo liambie lisubiri saa yake. Linasikika kama jambo la kitoto, lakini ni mbinu inayotumiwa na watabibu wa wasiwasi, na huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili hivi, si siku ya kwanza. La pili, chagua zoezi moja la kazi ambalo hujiamini nalo, iwe kupanda ngazi, kufanya kazi gizani na barakoa, au kukata chuma cha gari, ulifanye mara 3 kwa wiki kwa dakika 20 pamoja na mtu unayemwamini. Kukaza kwa tumbo mara nyingi hakuhusu moto wote. Kuna kitu kimoja ndani ya moto unachokiogopa, na ukishakijua jina lake unaweza kukifanyia mazoezi.

Nyumbani, mwambie mkeo saa ya kuingia: "Nikifika nipe nusu saa, nioge, ninywe chai, kisha niko nanyi." Ukinyamaza bila kueleza, yeye hudhani kosa ni lake. Watoto nao wakijua baba ana nusu saa yake, hawatakurukia mlangoni, na wewe hutapata cha kujutia. Pombe ya kuletea usingizi iache: hukulaza haraka na kukuamsha saa 9 usiku.

Lini uende hospitali

Uchovu sugu umefungamana na kazi. Ukienda likizo ya wiki mbili na kufika siku ya 10 ukaanza kurudi kama ulivyokuwa, dalili ni za kazi. Kama huzuni inakufuata hata kijijini kwa mama, hufurahii chakula wala watoto, na imepita wiki mbili hivi kila siku, huenda ni sonona. Kama tukio fulani linarudi kwa ndoto au kwa picha za mchana, unazunguka barabara nyingine usipite pale, na mwezi umepita, huenda ni mshtuko wa akili uliobaki. Vyote viwili vinatibika, lakini havitibiki kwa mapumziko na zamu nzuri peke yake. Na kabla hujakubali kwamba ni akili, pima damu: hemoglobini, sukari, tezi ya shingo, na shinikizo la damu. Mwanamume anayekoroma sana na kuamka amechoka achunguzwe pumzi zake za usingizini. Upungufu wa damu umewahi kuitwa uvivu mara nyingi mno.

Ukifika mahali pa kuwaza kujidhuru, hapo hakuna kusubiri wiki 4. Mwambie mtu mmoja leo, na mwende hospitali pamoja. Hospitali za rufaa zina watu wa afya ya akili. Muhimbili ina idara yake Dar es Salaam, na Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko Dodoma.

Kuhusu kiongozi wako, usibishane naye juu ya roho. Mpelekee maombi matatu yanayotekelezeka: orodha ya zamu za kukesha chumba cha mawasiliano, kikao cha dakika 10 baada ya tukio, na mtu wa kuzungumza na umati. Hayagharimu fedha, na yanawafaa wote, hata huyo wa lita 40. Kama anataka kutumia vipimo vya haiba, vitumike kupanga nani aambatane na nani na nani afuatwe mapema, visiwe karatasi ya kumwondolea mtu ajira. Siku askari wakijua kwamba jibu la kweli linawafukuzisha, wataanza kudanganya kwenye dodoso, na kiongozi atabaki hana geji hata moja ya kusoma.

Jipime siku yako ya pili ya mapumziko, kisha baada ya wiki 4, 8 na 12. Namba ikishuka, endelea. Ikibaki palepale baada ya wiki 12 na umefanya haya kwa dhati, andika barua, lakini iwe ya kuomba kitengo kingine kwa muda: ukaguzi wa kinga na tahadhari za moto, au elimu kwa umma, ambako miaka 9 ya kuona moto unavyoanza ni mali. Chumba cha mawasiliano usikiombe ukidhani ni mahali pa kupumzika. Anayepokea simu husikia kilio cha mtu na hana mpira wa kushika, na kwa mwenye haiba yako hiyo ni nafasi ngumu kuliko ya garini.